"Slather": ukiambiwa hivyo, uliza ni dawa ipi

Kwa mwenye mtoto wa ukurutu hapa Uingereza: ukitoka kwa nesi na mfuko wa dawa, usivuke mlango hujauliza "slather" aliyoisema inahusu chombo kipi. Narudia, chombo kipi.

Ni neno la Kiingereza, maana yake nyepesi: kupaka bila kubania. Siagi nene juu ya tosti, mafuta ya jua ufukweni, hata sifa anazomwagiwa bosi. Ni neno la mdomoni, kwenye kibandiko cha dawa hulikuti. Pale huandikwa "liberally" kwa kilainishi cha ngozi, na "thinly" au "sparingly" kwa krimu ya steroidi, ile dawa ya kutuliza ukurutu. Amini kibandiko kuliko mdomo.

Sisi tulipewa vyote viwili, kopo la kilainishi na tyubu ya steroidi. Nesi akatabasamu: "Just slather it on." Ipi kati ya hizo, kimya. Ngozi ya mtoto ilipoanza kuwaka, kwenye faili ikaandikwa kwamba familia ilizidisha dawa. Tabasamu halikuandikwa. Ndivyo watu wa huku walivyo, mdomoni asali, kwenye karatasi mahakama.

Kilainishi ndicho cha kumwaga. Mtoto anaweza kumaliza gramu 250 hadi 500 kwa wiki, kwa hiyo usione haya kurudi kuomba kopo jingine. Chota kwa kijiko safi, paka kufuata vinyweleo vinavyolala, usisugue.

Steroidi hapana. Hapana kabisa! Kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka pingili ya kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, na ni pale penye ukurutu tu. Ikizidi kwa muda mrefu ngozi inakonda. Ila usiogope ukaitupa. Kwa kipimo chake inasaidia.

Nanyi mashangazi wa nyumbani, tunajua mnatupenda, lakini hizo tyubu za "imemponya mtoto wa jirani" acheni kutuma. Nyingine zina klobetasoli, steroidi kali mno, ambayo huku haitoki bila cheti cha daktari. Mkimpaka mjukuu kama losheni, anayeitwa kujieleza ni mama yake.

Jambo jingine: manesi na madaktari wakikuuliza kama ngozi imekuwa nyekundu, usijibu "hapana" ukanyamaza. Kwenye ngozi yetu ukurutu huonekana weusi uliokolea, zambarau au kijivu. Sema hivyo, au onyesha picha ya simu. Wengi wao wamezoea kutazama ngozi nyeupe.

Na wapwani wenzangu, kilainishi kikikaukia kwenye nguo na shuka, nguo hizo hushika moto upesi, na kufua hakukitoi chote. Nguo za mtoto huyo zisifukizwe udi. Chetezo kikae chumba kingine, hata Ijumaa.