Kupima jinsi kipokezi cha TrkA kinavyoziokoa seli za neva

NGF, protini inayochochea ukuaji na uhai wa seli za neva, huja ikiwa jozi, ikakamata vipokezi viwili vya TrkA vilivyo juu ya seli na kuvibana pamoja. Vikibanwa, kinasi (vimeng'enya vya kubandika fosfeti) zilizo upande wa ndani hubandikana fosfeti kwenye tairosini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. Tairosini ya 490 hufungua njia mbili za kupitishia ishara ndani ya seli, PI3K-Akt na Ras-ERK. Ya 785 huita PLC-gamma, kimeng'enya kingine cha kupitisha ishara. Mlinzi mkuu wa uhai ni Akt, kinasi ya njia ya kwanza: huibandika fosfeti BAD, protini inayochochea kifo, nayo hushikwa na protini za 14-3-3 isiifikie Bcl-xL, protini inayozuia kifo.

Otesha seli za PC12 (za uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya, zinazoitikia NGF kama seli za neva) kwenye sahani zilizopakwa kolajeni, la sivyo zitashikana mafungu na kung'oka. Zioshe mara mbili, kisha ziache saa 4 kwenye lishe isiyo na serumu. Usiharakishe: serumu ina vichochezi vyake vya ukuaji, na mabaki yake huiamsha Akt kabla hujaweka chochote.

Weka NGF nanogramu 50 kwa mililita, ikiwa na albumini ya ng'ombe asilimia 0.1, kwa sababu NGF iliyozimuliwa hunata kwenye plastiki. Vuna dakika ya 0, 5, 15 na 60.

Majibu mengi hupotelea kwenye kuvuna. Seli ikipasuka, vimeng'enya vyake viitwavyo fosfatesi hung'oa fosfeti zile zile unazozitafuta. Sahani iwe juu ya barafu. Mwaga lishe na umimine papo hapo bafa baridi ya kupasulia seli, yenye vizuizi vya fosfatesi: sodiamu floridi milimola 10 na sodiamu othovanadeti milimola 1. Othovanadeti iwe imechemshwa kwenye pH 10 hadi umanjano uishe. Ikibaki ya manjano haizuii vizuri. Kisha tenganisha protini kwenye jeli na uzihamishie kwenye utando (Western blot). Utando uzuie kwa albumini, si maziwa, maana kasini, protini ya maziwa, imejaa fosfeti. Pima Akt yenye fosfeti kwenye serini ya 473, kisha Akt yote, yenye fosfeti na isiyo nayo, ya kulinganishia.

Uhai wenyewe upime baada ya saa 48 bila serumu: visima visivyo na NGF, vyenye NGF, na vyenye NGF pamoja na LY294002 (kizuizi cha PI3K, mikromola 20) au U0126 (kizuizi cha njia ya ERK, mikromola 10), vizuizi vikitangulia kwa dakika 30. Kila kisima kipate DMSO, kiyeyushi cha vizuizi hivyo, kiasi kilekile. LY294002 hugusa pia mTOR, kinasi nyingine, kwa hiyo rudia kwa kizuizi cha Akt yenyewe.

Paka rangi ya Hoechst, inayoshika DNA: kiini cha seli inayokufa husinyaa, hung'aa na kuvunjika vipande. Kusanya na seli zinazoelea kabla ya kuhesabu. Zilizokufa huachia sahani, na ukihesabu zilizobaki tu, hata visima visivyo na NGF vitaonekana vizima.