Mgombea akija kutafuta kura za vijana na jamii ndogo, mpime hivi

Uchaguzi ukikaribia utawaona wanavaa kofia, wanacheza, wanaongea misemo ya vijana, na jamii ambayo miaka yote hawakuisalimia ghafla inakuwa "ndugu zetu". Kucheza sio kosa. Kinachoniuma ni kijana kumpa mtu kura kwa sababu alichangamka jukwaani, halafu ada na kazi vinabaki vilevile. Mifano ntaitoa Marekani maana kule mbinu hizi zimeandikwa sana na ni rahisi kuzifuatilia.

Anza kwa kutenganisha sura na sera. Mwaka 1992 Bill Clinton, akiwa mgombea urais, alivaa miwani ya giza akapuliza saksafoni kwenye kipindi cha TV cha Arsenio Hall, na 2024 Donald Trump alikaa karibu masaa matatu kwenye podkasti ya Joe Rogan wakati mpinzani wake Kamala Harris alienda kwenye podkasti ya Call Her Daddy, na hesabu yao wote ni ileile, kijana haangalii taarifa ya habari ya usiku so mfuate alipo. Hapo hakuna ubaya, mahojiano marefu yanakusaidia hata wewe. Chukua simu, fungua sehemu ya kuandika, na kila akitaja vijana au jamii yako andika anachosema ATAFANYA, sio anachohisi. Saa nzima ikiisha na hujaandika kitu, basi jibu unalo.

Sasa hii ndio muhimu kuliko zote: ahadi iulize nini, lini, na nani anatia saini. Februari 2020 Joe Biden alikuwa ameshashindwa kwenye michujo ya mwanzo (kura za chama kumpata mgombea wao), akafika jimbo la South Carolina ambako kura za Wamarekani weusi ndio zinaamua mchujo wa chama chake, Democrats, na kwenye mdahalo akaahidi kuteua mwanamke mweusi Mahakama ya Juu. Kesho yake mbunge Jim Clyburn, mtu anayesikilizwa sana pale, akamuunga mkono, na tarehe 29 akashinda. 2022 Ketanji Brown Jackson akateuliwa na kuthibitishwa. Ona ahadi ile ilivyokaa: kitu kimoja, kinahesabika, na kuteua ni kazi ya rais mwenyewe hata kama Seneti lazima ithibitishe. Sasa linganisha na mikopo ya wanafunzi. Agosti 2022 Biden alitangaza kufuta hadi dola 10,000 kwa wakopaji wengi, vijana wakashangilia, Juni 2023 Mahakama ya Juu ikaufuta mpango. Kuna unafuu ulikuja kwa njia zingine lakini ule mkubwa ulikufa, kwa hiyo usiishie kuuliza "utafanya?", muulize na mamlaka anayatoa wapi.

Wakianza kuigana jua kura yenu ina bei, na hapo ndio pa kubana. Juni 2024 Trump akiwa Las Vegas aliahidi kufuta kodi kwenye bakshishi, mji umejaa wahudumu wa hoteli na wengi wao Walatino (Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini), na Agosti Harris naye akasema hivyohivyo, tena mji uleule. Sheria ilikuja kupita Julai 2025, lakini ukiisoma unakuta msamaha una kikomo cha dola 25,000 kwa mwaka, unaishia 2028, na makato ya hifadhi ya jamii yapo palepale. Soma sheria yenyewe jamani, sio bango.

Na ukimsikia mgombea anasema "Walatino wanataka hivi" au "vijana wanataka hivi" kaa macho. Mkuba wa Miami na Mmeksiko wa Arizona hawana historia moja, na kijana wa chuo sio sawa na yule anayefanya shifti mbili. Anayewajua atataja tatizo la mtaa, sio la kabila zima.

Pia angalia alikuwa wapi siku mna shida. Oktoba 1960 Martin Luther King, mpigania haki za watu weusi, alifungwa Georgia, mgombea urais John Kennedy akampigia simu Coretta, mke wa King, ambaye alikuwa mjamzito, kumpa pole, mpinzani wake Nixon akanyamaza hadharani. Baba yake King, ambaye alikuwa anamuunga mkono Nixon, akabadilika, na Jumapili ya mwisho kabla ya kura vijitabu vya karatasi ya bluu vyenye habari ile vikagawiwa kwenye makanisa ya watu weusi. Ilikuwa simu fupi tu, ila ilipigwa siku ngumu.

Ukienda mkutanoni nenda na swali MOJA, mkubaliane kikundi kizima mapema, ikiwezekana wakati wa mchujo maana hapo wagombea ni wengi na kila mmoja ana njaa ya kura. Muulize mbele za watu, rekodi jibu, andika tarehe, hifadhi sehemu mbili. Akishaapishwa mhesabie miezi sita, halafu mrushieni ile video mkiwa wengi, na swali ni lilelile.