Mandhari ya Lubumbashi kwa pasteli: anzia kwenye rangi ya udongo

Pasteli ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi kidogo sana. Rangi hukaa kavu juu ya karatasi, na karatasi yenyewe huendelea kuonekana katikati ya chembe. Kwa hiyo mchoraji wa hapa kwetu achague karatasi kabla hajafungua boksi.

1. Karatasi. Nyeupe iache. Chukua ya kahawia, nene, yenye ukwaru wa kushika unga. Hata msasa laini unafaa. Unapochora barabara ya Katuba au Ruashi, komuni za mji wetu, usiipake rangi: karatasi ndiyo udongo. Ya kufungia bidhaa inatosha kwa mazoezi, lakini miaka ikipita hukauka na kukatika. Kazi ya kuuza ifanyie kwenye karatasi ya pasteli yenye rangi.

2. Makala (makaa). Toa kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, kipande chembamba kilichoiva hadi ndani. Chora maumbo makubwa tu: kichuguu, terili ya Gécamines (kilima cha mabaki ya madini cha kampuni hiyo ya migodi), mstari wa miti. Kisha puliza unga uliozidi.

3. Mbingu na miti. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanachukua buluu ya boksi na kijani cha boksi, na picha inatoka kama kalenda ya Ulaya. Nenda nje mwezi wa tisa, utazame. Moshi wa mioto ya porini umeifanya mbingu kuwa ya majivu, na karibu na ardhi ina uwaridi. Miti ya miombo inachipua kabla mvua haijanyesha, na majani yake machanga ni mekundu, mengine yana rangi ya shaba kabisa. Mtu aliyekulia hapa anaujua wekundu huo. Ni dalili ya mvua. Basi weka kwanza zambarau iliyokolea, halafu nyekundu ya udongo, na mwisho rangi ya chungwa hafifu pale jua linapogonga. Anza na giza, malizia na mwanga. Kijani kidogo mno kinatosha.

4. Vidole. Lainisha mbingu kwa kidole, miti uiache na mikwaruzo yake. Bela Sara, mchoraji wa karakana ya Le Hangar iliyoanzishwa mjini hapa mwaka 1946 na Pierre Romain-Desfossés, alipaka rangi kwa ncha za vidole, na alama zake zikawa majani na manyoya ya wanyama. Kidole si chombo cha maskini, ni urithi wetu.

Maswali ya wanachama

*Yaya, naweza kusaga malakiti, lile jiwe la kijani, nipate kijani changu?*
Hapana, mdogo wangu. Watu wa zamani waliisaga kweli, lakini ina shaba, na vumbi lake ni sumu ukilivuta. Nunua kijani kilichotengenezwa. Hata vumbi la pasteli usilipulize ukiwa chumbani. Ubao wa kuchorea uwe wima, vumbi lianguke chini.

*Mama yangu ananunua pemba, ule udongo mweupe, sokoni. Inafaa badala ya pasteli nyeupe?*
Inafaa, ila inashika kidogo. Iloweshe kwa maji ya gundi nyepesi, uifinyange vijiti, uvianike kivulini. Weupe wake ni mtulivu, mzuri kwa moshi na ukungu. Lakini muulize mama kwanza. Kwa Waluba pemba ni ya baraka na ya mizimu, na kuna nyumba ambamo haichezewi. Akikuruhusu, fikiri ni wapi kwenye picha weupe huo unastahili kukaa. Mimi nisingeupaka kwenye ukuta wa duka.

*Nikipuliza dawa ya kushikisha unga, mwanga wangu unazimika. Nifanyeje?*
Dawa hutia giza rangi hafifu. Puliza kidogo kabla ya tabaka la mwisho, kisha weka mwanga na usipulize tena. Fremu iwe na kioo, na katikati weka ukanda wa katoni ili kioo kisiguse unga.