Jinsi ya Kupima Habari za Utafiti Kuhusu Maltipo Sklerosisi

Ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ambao wengi huuita MS, hutokea pale mfumo wa kinga unaposhambulia mayelini, yaani utando unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Habari za kugunduliwa kwa chanzo chake hutangazwa mara kwa mara, na hata asiye mtaalamu anaweza kuzipima akijua la kuuliza.

Anza kwa kuuliza kipi kilitangulia. Mgonjwa akikutwa na virusi fulani, bado haijulikani iwapo virusi ndivyo vilivyoleta ugonjwa au ugonjwa ndio uliovipa nafasi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa Januari 2022 katika jarida la Science ulipata uzito kwa sababu ulilijibu swali hilo kwa kutumia damu iliyohifadhiwa kwa miaka mingi ya wanajeshi wa Marekani, katika kundi la watu zaidi ya milioni 10. Kati ya wagonjwa 801 waliochunguzwa, 35 hawakuwa na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huenezwa kwa mate, katika sampuli ya kwanza, na 34 kati ya hao waliambukizwa kabla ya MS kuanza. Hatari ya kuugua iliongezeka mara 32 baada ya maambukizi, ilhali virusi vya saitomegalo, ambavyo pia huenezwa kwa mate, havikuiongeza. Kwangu hapo ndipo penye nguvu ya utafiti huu, kwa kuwa ulinganisho huo unaondoa shaka kwamba watu hao walikuwa tu wepesi wa kuambukizwa chochote.

Hata hivyo, usiruke hadi kwenye hitimisho kwamba virusi hivyo vinatosha peke yake. Zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanavyo, na wachache mno huugua MS. Hivyo kuambiwa una kingamwili za Epstein-Barr, yaani protini za kinga zinazoonyesha kuwa uliwahi kuambukizwa, si sababu ya hofu.

Pili, tenganisha kuanza kwa ugonjwa na kasi yake. Jeni nyingi zinazohusishwa na kuanza kwa MS ni za mfumo wa kinga. Lakini utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 12,000, ulibaini tofauti ya kijeni iliyo karibu na jeni zinazofanya kazi katika ubongo wenyewe: waliorithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi, walihitaji fimbo ya kutembelea takriban miaka minne mapema.

Tatu, kwa kila tiba inayotangazwa, tazama kama palikuwa na kundi la ulinganisho. Mwaka 2009 daktari Paolo Zamboni wa Italia alidai kuwa MS inatokana na kusinyaa kwa mishipa ya vena ya shingoni, na wagonjwa wengi wakasafiri nchi za mbali kupanuliwa mishipa. Majaribio ambamo baadhi ya washiriki walifanyiwa upanuzi wa kuigiza, likiwamo lililoongozwa na Zamboni mwenyewe, hayakuonyesha manufaa.

Mwisho, angalia aina ya MS waliyokuwa nayo washiriki. Dawa iliyopunguza mashambulizi, yaani vipindi vya dalili kuzuka, katika aina inayokuja na kupoa haijathibitishwa kwa hilo tu kuwa itamfaa mtu ambaye ulemavu wake unaongezeka polepole bila mashambulizi, na hilo ndilo swali la kumuuliza daktari wa neva kabla ya kubadili dawa.