Ukigongwa na gari la serikali kuu Marekani

Mimi ni mkalimani hapa Columbus, Ohio. Wenzetu waliogongwa na gari la posta au la jeshi huniuliza kwanza: "Nimshitaki dereva?" Hapana. Kama dereva alikuwa kazini, anayeshitakiwa ni Marekani yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1946. Na huanzii mahakamani.

Pale pale barabarani, piga picha ya namba iliyo kwenye gari. Hakikisha ni gari la serikali kuu kweli, maana malori mengi yanayobeba barua ni ya wakandarasi, na madai dhidi yao hayapiti njia hii. Basi la jiji nalo lina taratibu zake. Ajali iliyotokea nje ya Marekani, hata kama gari ni la ubalozi Nairobi, haimo kabisa.

Kisha jaza fomu iitwayo Standard Form 95, uipeleke kwa idara yenye gari. Tulia kwenye kisanduku cha 12, cha pesa. Mama mmoja niliyeketi naye alitaka kuandika "tutajua nikishapona". Nilimsihi asifanye hivyo. Bila kiasi kamili cha dola, dai linaweza kutupwa. Na ukienda mahakamani baadaye, kwa kawaida huwezi kudai zaidi ya hapo, ila ukipata ushahidi mpya ambao usingeweza kuujua mapema. Kwa hiyo jumlisha bili zote, mshahara uliopotea, maumivu, na matibabu ambayo daktari anasema bado yanakuja. Andika na jumla.

Muda wa kudai ni miaka 2 tangu ajali, na fomu lazima iwe imepokelewa na idara kabla haujaisha; siku uliyoituma haihesabiwi. Tuma kwa rejista, utunze risiti. Mtoto aliyeumia pia asingojewe akue, mzazi amjazie.

Idara ina miezi 6 ya kujibu. Ikinyamaza muda huo ukapita, unaweza kufungua kesi mahakama ya shirikisho. Ikikukatalia kwa barua, una miezi 6 tu tangu barua ilipotumwa, basi usiiache kwenye bahasha. Ataamua jaji peke yake, bila baraza la wananchi.

Tafuta wakili mapema. Sheria inamruhusu kuchukua hadi asilimia 20 ya malipo yako mkimalizana na idara, 25 kesi ikishafunguliwa. Kuzidisha ni kosa la jinai. Akikuletea mkataba wa theluthi moja, kama ulivyozoeleka kwenye ajali nyingine, usitie saini.