Shimo la matete: kusafisha maji ya sabuni nyumbani

Ukimwaga beseni la maji ya kufulia mtaroni hapa Moshi, hayapotei, yanateremka. Mito ya Rau na Njoro ndiyo inayomwagilia mpunga wa Mabogini, na mchele wake tunaula wenyewe. Ndiyo maana nachimba mashimo ya matete, yaani mashimo ya kokoto yaliyopandwa matete, maji yapite humo yasafishwe. Vipimo hivi ni vya nyumba ya watu watano, yenye kama lita 200 kwa siku za maji ya jikoni, bafuni na kufulia. Maji ya choo usiyalete humu kabisa.

Anza na mtego wa mafuta. Shimo langu la kwanza liliziba kwa sababu niliuruka, na nililazimika kutoa kokoto zote na kuziosha upya. Chukua pipa dogo lenye mfuniko. Maji yaingie kwa juu. Bomba la kutolea liwe na elbo (kiungio kilichopinda) iliyoelekea chini, mdomo wake uzame hadi katikati ya maji. Mafuta yataelea, makombo yatatuama, na maji ya katikati ndiyo yatakayotoka kwenda shimoni. Chota mafuta kila wiki uyafukie kwenye mboji.

Kisha chimba shimo la mita 3 kwa 1, kina sentimita 60, sakafu iiname kidogo kuelekea upande wa kutokea. Tandika nailoni nzito ile ya mabwawa ya samaki, la sivyo maji yatazama ardhini kabla hayajasafishwa. Miisho yote miwili weka mawe ya ukubwa wa ngumi, katikati kokoto za nusu inchi zilizooshwa. Mchanga usitie, unaziba.

Bomba la kutolea la shimo ndilo linalotaka umakini. Litoke chini kabisa, halafu nje ulipandishe kwa elbo hadi sentimita 50 kutoka sakafuni. Maji yatasimama sentimita 10 chini ya uso wa kokoto: mbu hawapati pa kutagia, na harufu haitoki. Nafasi kati ya kokoto ni karibu asilimia 40, kwa hiyo shimo linabeba kama lita 600, na maji yanakaa humo siku 3 hivi.

Matete yapande masika yakianza. Chukua vipande vya mizizi vyenye machipukizi, uviachanishe sentimita 30. Wiki za mwanzo mwagia maji safi mpaka yashike. Kazi ya kula uchafu ni ya bakteria walioganda kwenye kokoto na mizizi. Matete huwapelekea hewa. Kwa hiyo dawa kali za klorini usimwage humo, zitawaua.

Wengi huniuliza kuhusu kupanda magugumaji badala ya matete. Nakataa. Yanahitaji maji ya wazi, mbu watazaliana, na Ziwa Victoria limeshatuonyesha yanavyosambaa.

Maji yanayotoka yapeleke kwenye migomba au mparachichi, si kwenye mboga za kachumbari. Matete yakirefuka sana yakate, uyatandaze chini ya migomba hiyohiyo.