Kutengeneza Mvinyo wa Zabibu Nyumbani kwa Ndoo Moja

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na anayejaribu kutengeneza mvinyo kwa mara ya kwanza ningemshauri asubiri mavuno ya kiangazi, ya Agosti na Septemba, kwa kuwa zabibu zilizoiva bila kunyeshewa huwa na sukari nyingi na maji machache. Kilo 10 za zabibu nyekundu hutoa takriban lita 6 za mvinyo, na huenea katika ndoo ya lita 20 huku ikibaki nafasi ya povu.

Ondoa vikonyo, tupa punje zenye ukungu, kisha ponda zilizobaki kwa mikono ndani ya ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula, iliyooshwa kwa maji ya moto. Usitumie kinu wala mashine ya kusagia, kwani mbegu zikivunjika mvinyo huwa mchungu. Sufuria ya alumini nayo haifai, kwa sababu asidi ya zabibu huila.

Wengi humimina kilo mbili za sukari kwa mazoea tu, jambo ambalo sioni sababu yake. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja ya juisi huleta karibu asilimia 1 ya kileo, hivyo juisi yenye gramu 200 kwa lita, kiwango ambacho zabibu zilizoiva vizuri hukifikia zenyewe, itatoa mvinyo wa asilimia 12 hivi. Mwenye haidromita, yaani kipimo cha kuelea kinachoonyesha kiasi cha sukari katika juisi, apime. Asiye nayo aonje, na akilazimika kuongeza, asizidishe gramu 50 kwa lita. Loweka gramu 3 za hamira ya mvinyo katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 15, kisha mimina ndani ya ndoo. Hamira ya mkate pia hufanya kazi, ila huacha harufu ya mkate.

Katika siku hizi za mwanzo hamira inahitaji hewa ili izaliane, kwa hiyo funika ndoo kwa kitambaa safi tu, kilichofungwa vizuri ili inzi wadogo wa matunda wasipenye. Kufikia siku ya pili maganda hupanda juu na kushikamana kama mkate mzito. Ukitega sikio utasikia mchemko mdogo, na ukigusa ubavu wa ndoo utahisi joto. Yazamishe maganda hayo kwa mwiko mara tatu kwa siku, kwani yakikaukia juu huota ukungu. Joto likikaribia nyuzi 30, izungushie ndoo gunia lililoloweshwa, nayo itapoa kama mtungi unavyopoza maji.

Siku ya sita au ya saba chuja, kamua maganda, kisha jaza juisi hadi karibu na shingo ya chupa kubwa za kioo. Kuanzia hapa hewa ni adui, maana ndiyo inayowapa nguvu bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki. Toboa kizibo, pitisha mpira mwembamba usiogusa mvinyo, ziba pembeni, na ncha ya pili izame katika glasi ya maji, ili gesi itoke na hewa isirudi. Usikaze kabisa kizibo kisicho na mpira: dumu langu la kwanza lilivimba usiku mmoja, likatupa mfuniko, na ukuta wa stoo una madoa hadi leo.

Baada ya wiki tatu hamisha mvinyo kwa mpira bila kutibua mashapo, na urudie baada ya miezi miwili. Weka katika chupa za kawaida pale tu mapovu yatakapokuwa yamekoma, mvinyo umetakata, na ulimi hauonji utamu wa sukari, kwani sukari iliyobaki inaweza kuchacha tena na kupasua chupa. Mvinyo huu ni wa mezani kwako, kwa watu wazima; kuuza kunahitaji leseni. Chupa ya mwisho isipojaa, inywe kwanza, au iachie hewa igeuke siki ya kachumbari.